Kutembea hadi Neptuni: Mwongozo Kamili wa Kuchora Njia ya Sayari katika Mji wa Pwani

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka katika nyota. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo katika shirika la anga la Marekani, NASA, alipendekeza ipewe jina la Kiswahili, ikaitwa Uhuru. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, orodha yake ya mwisho ikafikia vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu maalumu. Vikundi vingi vinapopewa ukuta na kuambiwa vichore habari za anga, wazo la kwanza huwa ni mwanaanga aliyevaa kofia ya kioo, roketi inayotoa moshi, na sayari tatu nne zenye pete, vyote vikiwa vimenakiliwa kutoka intaneti. Mchoro wa namna hiyo unaweza kupendeza sana, lakini mpita njia anabaki kuwa mtazamaji wa mambo ya watu wengine. Kinachomfanya aone kwamba anga linamhusu ni kipimo anachoweza kukihakiki kwa miguu yake mwenyewe, kikichanganyika na jambo ambalo tayari ni la kwao. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutengeneza sanaa ya namna hiyo, yaani njia ya sayari, ambayo ni mfululizo wa michoro kutoka Jua hadi Neptuni ambamo ukubwa wa sayari na umbali kati yao vimepunguzwa kwa skeli moja.

Kazi ya aina hii imekwisha kufanywa katika miji mingine. Huko Stockholm, ukumbi wa michezo wenye umbo la tufe ndio Jua, nazo sayari zimetawanywa nchini Uswidi kwa skeli ya moja kwa milioni 20, hata Neptuni ikaangukia mji wa Söderhamn ulio zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Zagreb, Kroatia. Mchongaji Ivan Kožarić alitengeneza tufe la shaba lenye kipenyo cha mita 2 mwaka 1971 akaliita Jua, na kwa miaka mingi likawa tufe tu ambalo vijana waliliandika majina yao. Mwaka 2004 msanii mwingine, Davor Preis, aliweka sayari ndogo za chuma katika mitaa mbalimbali ya mji kwa skeli ya tufe lile, bila kutangaza, wakazi wakaanza kuzitafuta wenyewe. Hakuligusa Jua la Kožarić hata kidogo, lakini kwa kulipa sayari zake alilibadilisha kuliko ambavyo rangi yoyote ingelibadilisha.

Hatua ya kwanza: kuchagua skeli

Kwa mji wenye barabara au ufuo unaoweza kutembewa kwa kilomita nne na nusu, skeli bora ni ya moja kwa bilioni. Ubora wake ni wepesi wa kukumbukwa: kila kilomita milioni moja za angani zinakuwa mita moja ardhini. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuihesabu bila karatasi. Jua linakuwa duara lenye kipenyo cha mita 1.39, yaani kimo cha mtoto huyo huyo, na sayari zinapangika hivi:

Utaridi: mita 58 kutoka Jua, kipenyo milimita 4.9.
Zuhura: mita 108, milimita 12.1.
Dunia: mita 150, milimita 12.7.
Mirihi: mita 228, milimita 6.8.
Mshtarii: mita 778, sentimita 14.3.
Zohali: mita 1,430, sentimita 12, na pete zake kuu sentimita 27 kutoka ukingo hadi ukingo.
Uranusi: mita 2,870, sentimita 5.1.
Neptuni: mita 4,500, sentimita 5.

Umbali huu ni wa wastani, kwa kuwa sayari haziendi katika duara kamili. Mirihi, kwa mfano, husogea takriban mita 20 mbele au nyuma ya alama yake katika mwendo wake wa mwaka. Jambo hilo liandikwe kwa sentensi moja kwenye kibao, kisha liachwe.

Ikiwa mji ni mdogo na njia haizidi kilomita moja, gawanyeni kila kitu kwa tano. Neptuni itakuwa mita 900 kutoka Jua, lakini Dunia itakuwa na milimita mbili na nusu tu, na kitu cha ukubwa huo hakichoreki ukutani kikaonekana. Ndiyo maana napendekeza skeli kubwa kila inapowezekana, hata kama sayari mbili za mwisho zitalazimika kuwekwa kijiji cha jirani. Kijiji cha jirani kupata Neptuni si hasara kwa yeyote.

Hatua ya pili: majaribio ya kapu la sokoni

Kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, fanyeni jaribio moja ambalo gharama yake ni ya mboga za siku. Nendeni sokoni na kapu mkanunue punje ya choroko iwe Utaridi, mbaazi moja iwe Mirihi, nazi iliyofuliwa iwe Mshtarii, nazi nyingine ndogo kidogo iwe Zohali, na ndimu mbili ziwe Uranusi na Neptuni. Zuhura na Dunia ni gololi mbili ndogo za watoto. Mwezi ni punje ya mtama, uwekwe sentimita 38 kutoka gololi ya Dunia. Pete za Zohali ni sahani ya chakula iliyotobolewa katikati. Sahani ya plastiki inafaa, ya mama haifai.

Jua likatwe katika karatasi ngumu, libandikwe mahali pa kuanzia, kisha kikundi kizima kitembee na kapu hilo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja awe na daftari. Jaribio hili ndilo litakalowaonyesha mambo ambayo hayaonekani kwenye ramani: kwamba sayari nne za mwanzo zitaishia katika mtaa mmoja, ilhali kutoka Mirihi hadi Mshtarii mtatembea zaidi ya nusu kilomita bila kukutana na kitu, kwamba Zohali imeangukia lango la mtu asiyependa wageni, kwamba pale Uranusi inapotakiwa hakuna ukuta wowote, ila mnazi na vibanda viwili vya samaki. Mwendo wote ni wa saa moja na kidogo kwa mtu asiyekimbia.

Umbali upimwe mara mbili, kwanza kwa simu yenye ramani na pili kwa futi kamba ndefu au kwa kamba ya mita 50 iliyopimwa vizuri. Amueni mapema kama mtapima kwa kufuata kona za barabara au kwa mstari ulionyooka, na uamuzi huo uandikwe hadharani kwenye kibao cha Jua. Sayari ikikosa ukuta kwa mita chache, isogezwe kwa mita hizo na kibao kikiri. Ikisogezwa mita mia mbili kwa sababu kuna ukuta mzuri zaidi, kazi yote inakuwa pambo.

Hatua ya tatu: ruhusa, na watu wa kuzungumza nao kabla ya ruhusa

Ruhusa za kiserikali zinajulikana: mwenye ukuta kwa maandishi, serikali ya kaunti kwa upande wa Kenya, serikali ya mtaa na halmashauri kwa upande wa Tanzania, na kikundi cha usimamizi wa ufuo ikiwa njia inapita pwani wanapoegesha wavuvi. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000. Katika miji hiyo usiguse ukuta wa zamani kabla ya kupata kibali cha mamlaka za hifadhi, na mara nyingi njia ya busara ni kutumia vibao vya mbao vinavyoegeshwa, si rangi.

Mazungumzo yenye faida kubwa zaidi ni yale ya barazani. Nendeni kwa manahodha wazee mkawaulize walizitambuaje njia usiku kabla ya simu na vifaa vya kisasa. Nendeni kwa wakulima mkawaulize habari za Kilimia, kundi la nyota lililowapangia wahenga majira ya kulima, ambalo lugha yenyewe imelihifadhi katika methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nendeni kwa maimamu, kwa sababu mbili. Kwanza, majina ya sayari katika Kiswahili yametoka kwa sehemu kubwa katika Kiarabu na yametumika pia katika upigaji ramli, hivyo ni vema ieleweke tangu mapema kwamba mnafundisha elimu ya falaki, hamtabirii mtu nyota yake. Pili, hakuna watu wanaoutazama Mwezi kwa makini kuliko wanaoungojea hilali ya Ramadhani. Mkiuliza ni wapi watu husimama kuitafuta hilali, mmepata mahali pa kuweka mchoro wa Mwezi bila kubuni chochote. Ikiwa mahali hapo pako mbali na gololi ya Dunia, wekeni michoro miwili: punje ya mtama katika nafasi yake ya sentimita 38, na Mwezi mkubwa pale ufuoni, huku kibao kikisema wazi kwamba huu wa pili hauko katika skeli.

Hapo pana kosa moja la kuepukwa. Picha nyingi za hilali zilizoko kwenye intaneti zimepigwa katika nchi za mbali na ikweta, ambako hilali husimama wima kama mundu. Kwetu hulala chali kama dau lililotia nanga. Mzee aliyeitazama kwa miaka 60 atagundua kosa hilo kwa mtazamo mmoja, na baada ya hapo hatawaamini katika habari za Zohali.

Hatua ya nne: kuamua nini kichorwe

Hili ndilo gumu. Mmepewa ukuta wa mita tatu kwa nne, na sayari yenu ina ukubwa wa gololi. Kila msanii atashawishika kuikuza. Atasema watu hawataiona, mfadhili atasema hivyo hivyo, na wote wawili watakuwa wamekosea, kwa sababu ukubwa wa ukuta na udogo wa gololi ndiyo habari yenyewe.

Kanuni ninayoipendekeza ni kutenganisha mambo mawili kabisa. Sayari ya kipimo halisi iwe kitu cha kushikika, kilichopachikwa ukutani katika kimo cha sentimita 90 hadi 110 kutoka ardhini ili mtoto na mtu aliye katika kiti cha magurudumu waifikie. Mchoro mkubwa unaoizunguka uwe na uhuru wake wa kisanaa, ili mradi usijifanye kuwa kipimo. Msifanye ukuta mmoja wenye Dunia ya mita moja na Mwezi wa sentimita kumi vilivyokaribiana. Mchoro huo unamdanganya mtoto kwa maisha yake yote.

Ukuta wa Dunia ningeuacha karibu mtupu: rangi nyeusi ya bluu pande zote, gololi moja, punje moja ya mtama, na maneno machache. Maneno hayo yanaweza kueleza kwamba kati ya gololi na mtama ndimo ulimomalizikia mwendo wote wa watu 12 waliotembea juu ya Mwezi kati ya 1969 na 1972, na kwamba setilaiti ya Uhuru, iliyozunguka kilomita zipatazo 500 na kitu juu yetu, katika skeli hii ilielea nusu milimita kutoka juu ya gololi, unene wa ukucha. Hapo pia ndipo mahali pa Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Mtu anayesoma hayo huku kidole chake kikiwa juu ya gololi hahitaji tena kuelezwa maana ya neno obiti.

Ukuta wa Mshtarii ni kinyume chake. Nazi inaonekana vizuri, na mistari ya mawingu yake, mekundu, meupe na ya kahawia, ni karamu kwa msanii yeyote aliyekulia karibu na michoro ya tingatinga au mapambo ya majahazi. Mwacheni ajimwage.

Kuhusu rangi za sayari, kuna mambo matatu ya kujua. Wekundu wa Mirihi unatokana na madini ya chuma yaliyoshika kutu, yaani jamii ile ile inayoupa udongo wetu mwekundu rangi yake, kwa hiyo Mirihi ichorwe kwa udongo mwekundu uliochujwa na kuchanganywa na chokaa. Asichukue mtu udongo kutoka korongo la Marafa, karibu na Malindi, kwa kisingizio cha sanaa, kwani upo kila mahali. Pili, picha za Neptuni zilizopigwa na chombo cha Voyager 2 mwaka 1989 ziliongezewa ukolezi wa rangi ili mawingu yaonekane, na uchambuzi uliochapishwa na watafiti wa Oxford mwaka 2024 ulionyesha kwamba Neptuni na Uranusi zinakaribiana sana, zote zikiwa na samawati iliyopauka yenye ukijani. Ndimu zenu mbili zifanane. Tatu, Jua likitazamwa kutoka nje ya hewa yetu ni jeupe, si la manjano. Chokaa safi inatosha.

Picha za NASA kwa kawaida zinaweza kutumiwa kama kielelezo bila kulipiwa, lakini nembo ya shirika hilo isichorwe, wala isionekane kana kwamba limeidhinisha kazi yenu. Picha za mashirika mengine zina masharti yake na lazima yasomwe.

Hatua ya tano: ukuta, lipu na rangi

Kuta za pwani hazifanani na za bara, na michoro mingi imeharibika ndani ya mwaka mmoja kwa kupuuza tofauti hiyo. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa lipu ya chokaa unapumua: unyevu unapanda kutoka chini na kutokea usoni mwa ukuta. Ukiupaka rangi ya mafuta umeuziba, na baada ya mvua za masika rangi itavimba malengelenge, kisha itabanduka pamoja na lipu. Ukuta wa namna hiyo upakwe rangi za chokaa zilizotiwa udongo au unga wa rangi wa madini, kwa matabaka matatu au manne mepesi, kila moja juu ya tabaka lililokauka kiasi na kunyunyiziwa maji. Ukuta wa matofali na lipu ya saruji unaweza kupakwa rangi ya maji ya nje, lakini lipu mpya iachwe siku 28 kabla ya kuguswa.

Ukiona unga mweupe unachipuka ukutani, hiyo ni chumvi. Usiifute kwa maji mara ya kwanza, kwa maana itayeyuka na kurudi ndani. Isuguliwe kwa brashi kavu, ikusanywe, siku chache zipite, irudiwe. Baada ya hapo osheni ukuta kwa maji baridi yasiyo ya kisima chenye chumvi, uacheni ukauke kabisa, pigeni msasa, zibeni nyufa, pakeni praima, ndipo rangi ifuate.

Majira mazuri ni Januari hadi mapema Machi, wakati wa kaskazi kavu, au Agosti na Septemba. Kazi ifanyike asubuhi na alasiri. Ukuta uliopigwa na jua la saa saba hukausha rangi kabla haijashika. Lita moja ya rangi ya maji hutosha takriban mita za mraba 10 kwa tabaka moja juu ya lipu laini, na pungufu ya hapo juu ya ukuta wenye mashimo, hivyo ukuta wa mita tatu kwa nne unaopakwa mara mbili unahitaji karibu lita tatu.

Ili kuchora duara la Jua, pigilia msumari katikati, funga uzi wenye urefu wa sentimita 69.5, funga chaki mwishoni, zungusha. Timazi na pima maji vitumike kupata mstari wa kimo kimoja katika vituo vyote. Gololi na punje za kioo zitumbukizwe zaidi kidogo ya nusu katika lipu mbichi, zisigandishwe juu yake kwa gundi, maana vidole vya watoto vina subira kuliko gundi yoyote. Sayari kubwa zifinyangwe kwa udongo na kuchomwa na wafinyanzi wa hapo hapo, na kwa kuwa udongo hunywea tanurini, kifinyangwe kimoja cha majaribio kwanza ili kujua unywaji wake. Shaba na chuma msitumie kabisa. Chuma kitaliwa na kutu ya bahari, na shaba itauzwa kwa kilo.

Hatua ya sita: maneno ya vibao

Kibao kimoja kisizidi maneno 60. Kiandikwe Kiswahili kwanza, kisha lugha ya wenyeji wa mahali hapo, na Kiingereza kifuate ikiwa wageni ni wengi. Penye uwezo, jina la sayari na kipimo chake viwekwe pia kwa nukta nundu, karibu na tufe lenyewe, ili asiyeona apapase vyote viwili kwa pamoja.

Kibao kisimwage takwimu. Kimpe msomaji jambo la kufanya. Kwenye ukuta wa Jua mwambieni kwamba katika skeli hii nuru inakwenda futi moja tu kwa sekunde, kwa hiyo akitembea kawaida ataipita nuru mara nne, naye akitaka kwenda nayo sawasawa inambidi ajikokote kwa dakika nane na sekunde 20 mpaka afike kwenye Dunia. Watu hujaribu kweli, na mtaa mzima huwacheka. Kwenye ukuta wa Neptuni mwambieni kwamba nyota ya jirani kabisa baada ya Jua, Proxima Centauri, ingewekwa katika skeli hii umbali wa kilomita 40,000 na ushee, yaani angeizunguka dunia yote kwa miguu na kurudi hapo hapo aliposimama ndipo aifikie.

Majina ya wasanii na mafundi yaandikwe, walipwe kwa kazi yao, na mapatano yao yaeleze nani anaruhusiwa kutumia picha za michoro hiyo kwa biashara. Kikundi kinachosema kwamba msanii atalipwa kwa kujulikana kisiguse mradi huu.

Hatua ya saba: siku ya uzinduzi

Nyinyi mnaoishi kati ya tropiki mbili mnalo jambo ambalo Stockholm na Zagreb haziwezi kulipata: siku mbili kwa mwaka Jua linapita utosini na kivuli cha mtu aliyesimama wima kinatoweka chini ya nyayo. Malindi hutokea takriban tarehe 12 Machi na 1 Oktoba, Mombasa takriban tarehe 10 Machi na 3 Oktoba, na Dar es Salaam takriban tarehe 3 Machi na 10 Oktoba. Kwa Mombasa, wakati wenyewe ni karibu saa sita na nusu mchana mwezi wa Machi, na karibu saa sita na dakika kumi mwezi wa Oktoba. Simikeni mlingoti ulionyooka kwa timazi mbele ya ukuta wa Jua, chini yake pawe na duara la vigae, na uzinduzi ufanyike siku hiyo. Hotuba zimalizike kabla, kwani kivuli hakimngojei mgeni rasmi.

Mnaweza pia kujipanga kwa tarehe 2 Agosti 2027, wakati Jua litakapopatwa lote katika sehemu za Misri, Saudia, Yemen na Somalia, na pwani ya Kenya litaonekana limemegwa. Mtu yeyote asilitazame siku hiyo bila miwani maalumu ya kupatwa kwa Jua. Miwani ya kawaida ya jua haifai.

Hatua ya nane: matunzo

Kila mwaka, baada ya kusi kupungua, kuta zioshwe kwa maji baridi kuondoa chumvi, na palipochubuka parekebishwe. Tengeni sehemu ya fedha kwa ajili hiyo tangu siku ya kwanza, maana ni rahisi kumpata mfadhili wa mchoro mpya kuliko wa ndoo na brashi. Mpeni kila sayari mlezi wake: shule, duka, kinyozi, kikundi cha kina mama. Mlezi wa Mshtarii atakuwa na fahari kuliko wenzake, na hilo halizuiliki.

Kituo kisichotulia

Nje ya sayari zote kuna kituo kimoja kinachopaswa kutengenezwa kwa mbao, si ukutani, kwa sababu kinahama. Chombo cha Voyager 1 kiliondoka duniani tarehe 5 Septemba 1977, na katika skeli hii sasa kiko takriban kilomita 25 kutoka Jua letu, kikisonga mbele mita 536 kila mwaka. Kimebeba sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu yenye salamu za binadamu katika lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo.

Chongeni nguzo ya mti mgumu, mkoko ukiwa umepatikana kwa kibali, au mbambakofi, na juu yake wasomaji wa mji wenu waandike salamu ambayo sahani ile iliikosa. Isimikwe kando ya barabara katika umbali unaopatikana kwa kuchukua kilomita halisi za Voyager kutoka Jua siku hiyo, ambazo NASA huzitangaza, na kuzigawanya kwa bilioni moja. Kila tarehe 5 Septemba ing'olewe, ibebwe mita 536 mbele na isimikwe upya, na tarehe, umbali na majina ya walioibeba yaandikwe katika daftari moja linalotunzwa na mlezi wa Neptuni. Kwa mji wa Malindi, ambao Jua lake likiwekwa katikati ya mji, nguzo hiyo ikielekezwa kaskazini itakuwa njiani kwenda Ngomeni, umbali wa kilomita zipatazo 30, na kwa mwendo huo itafika karibu na jukwaa la San Marco ndani ya miaka kumi hivi, ikibebwa na vijana ambao leo wako shule ya msingi.